Kuzeesha Shaba: Tarehe ya Sanaa Iliyoiga Kazi ya Dahari

Mwashi, seremala na mtunga nakshi hufurahi siku ile kazi yao inapotoka mikononi ikiwa safi, timamu na mpya, na mteja huwalipa kwa upya huo. Lakini yupo fundi mmoja ambaye hupokea bawaba, kitasa, pete ya mlango au kishikio cha kasha kilichosubiwa juzi, ambacho bado kinameremeta, akakitia siki, chumvi, moshi na dawa za kiberiti, akakisugua hapa na kukiacha pale, hata kikaonekana kuwa kimepita katika mikono ya vizazi vitano, na mteja wake akamlipa zaidi kwa sababu amekiondolea kile ambacho mafundi wengine wote hutaabika kukitia. Shani hii imezoeleka mno zama zetu, maana hapana duka la samani za fahari lisilouza vyuma vya milango vyenye sura ya kale, na kwa hiyo aghalabu watu hudhani kwamba sanaa yenyewe ni ya jana, imezuliwa na wauzaji wa Ulaya na Marekani ili kuwapendeza matajiri waliochoka na vitu vipya.

Hasha, si hivyo. Kwa ushahidi wa maandishi tuliyo nayo, sanaa ya kuzeesha shaba ina umri wa karibu miaka mia nane, na fikira zilizoizaa zina umri mkubwa zaidi; nayo ina tarehe yake, yenye mabwana wake, wahadaifu wake na wapelelezi wake. Tena mwenye kuifuata tarehe hiyo kutoka nchi hadi nchi huona jambo moja likijirudia: kwamba watu wanaoishi na urithi wao bila ya kutengana nao huukatua ung'ae, na kwamba tamaa ya shaba iliyofifia huamka kwa watu ambao wamefarikiana na wazee wao, ama kwa vita, ama kwa bahari, ama kwa wingi wa miaka, wakawa wanatafuta kwa mkono wa fundi kile ambacho hawakukipokea kwa mkono wa baba.

Kabla ya kwenda mbali yafaa tujue ni kazi gani ya dahari ambayo fundi huiiga. Shaba nyekundu inapokaa katika hewa hufanya kwanza utandu mwembamba wa rangi ya hudhurungi, kwa kuungana na oksijeni; katika miji ya viwanda, iliyojaa moshi wa makaa ya mawe, utandu huo hupokea asidi ya salfa iliyomo hewani, na baada ya miaka mingi hugeuka kuwa kijani kigumu kinachoshikamana na kuilinda shaba iliyo chini yake; na kando ya bahari chumvi huzaa kijani cha namna nyingine, ambacho mara nyingine ni chepesi kumomonyoka, nacho huila shaba badala ya kuihifadhi. Shaba ya manjano, ambayo imechanganywa na zinki, hufifia kwa taratibu, na weusi wake huanza katika mianya ya nakshi, chini ya vichwa vya misumari na pembezoni mwa tundu la ufunguo, ilhali pale mkono unapopita kila siku hubaki inang'aa. Hii ndiyo kanuni kuu ya sanaa nzima, na fundi asiyeijua hutambulikana mara moja: mkono hung'arisha, na mwanya hutia giza. Kitasa kilichotiwa weusi sawasawa kila mahali hakifanani na kitasa cha kale, hufanana na kitasa kilichoungua.

Wayunani wa kale, ambao sanamu zao za bronzi ndizo zilizokuja kuwa kigezo cha kila kilicho cha kijani na cha kale, hawakuupenda ukijani huo hata kidogo. Katika mji wa Erythrae, pwani ya Asia Ndogo, palikuwa na sanamu ya mtu aitwaye Philites, aliyemuua dhalimu, na raia walipoirudisha heshima yake baada ya maadui wa utawala wa umma kuiondolea upanga wake, walipitisha amri, nayo ikachongwa katika jiwe, kwamba wasimamizi wa soko waiangalie sanamu hiyo isiwe na kutu, na ivikwe shada kila mwezi mwandamo na katika sikukuu. Tena mwaka 1972 palipoopolewa kutoka baharini, karibu na Riace kusini mwa Italia, sanamu mbili za mashujaa zilizofanywa katika karne ya 5 kabla ya Nabii Isa, wataalamu walikuta kwamba midomo yao imefanywa kwa shaba nyekundu, na mmoja wao ametiwa meno ya fedha. Na fundi hawezi kujitaabisha kwa tofauti za rangi namna hiyo ikiwa nia yake ni kuuona mwili mzima umefunikwa na kijani kimoja. Kwa watu wale sanamu ilikuwa kitu cha siku ile, na kuiacha ishike kutu ilikuwa ni kumsahau mwenyewe.

Mapenzi ya utandu yalianza baadaye, katika dola ya Warumi, waliouteketeza mji wa Korintho mwaka 146 kabla ya Nabii Isa kisha wakatumia karne zilizofuata kununua kwa bei za wazimu vyombo vya bronzi vilivyosemwa kuwa vimetoka huko. Plinio Mkubwa, aliyekufa mwaka 79 katika maafa ya mlima Vesuvio, ameandika kwamba shaba iliyofutwa na kusafishwa hushika kutu upesi kuliko iliyoachwa, isipopakwa mafuta, na kwamba watu wa kale walikuwa wakizipaka sanamu lami. Baada yake Plutarko, aliyekuwa kuhani huko Delphi, ametunga mazungumzo ambamo wageni wanaotembezwa katika hekalu wanasimama mbele ya sanamu za majemadari wa bahari waliomshinda Mwathene wakiwa pamoja na Lysander, jemadari wa Sparta, wakaustaajabia ubuluu wake unaofanana na rangi ya kilindi, na mmoja wao akauliza: je, mafundi wa zamani walikuwa na siri ya kuchanganya au kutia dawa, ama ni hewa ya Delphi iliyoifanya kazi hiyo? Humo wanataja ngano ya nyumba iliyoungua Korintho, wanataja mafuta, wanataja uzito wa hewa ya milimani. Na ingawa elimu yao ya kemia si yetu, swali lao ndilo mlango wa sanaa yote, kwa sababu mtu akishauliza kama rangi ya kale yaweza kufanywa kwa dawa, hatakosa mwingine wa kwenda kuijaribu.

Walioijaribu na kuiandika kwa ukamilifu walikuwa Wachina. Katika zama za nasaba ya Song, iliyotawala tangu 960 hata 1279, wanazuoni wa nchi hiyo walishikwa na hamu kubwa ya vyombo vya bronzi vya ibada vya wafalme waliotangulia zaidi ya miaka elfu moja kabla yao, vyombo ambavyo vilipofanywa vilikuwa na rangi ya dhahabu, lakini vilipofukuliwa makaburini vilikuwa vimegeuka kijani, buluu na wekundu. Mfalme Huizong, aliyeketi kitini tangu 1100 hadi 1126, alikusanya hazina kubwa ya vyombo hivyo, pakatungwa fahirisi yenye michoro yake, na mafundi wake wakaagizwa kufanya vipya kwa sura ya vile vya kale ili ibada za ufalme zirudi katika asili yake. Hapo mwanzo, basi, kuiga hakukuwa ghashi. Kulikuwa ni taadhima, na mfalme aliyeagiza kengele mpya zenye umbo la kale hakuwa akimhadaa mtu, alikuwa akitafuta kuungana na wakubwa aliowakuta katika vitabu tu.

Lakini hamu ya mfalme huwa soko la raia, na kabla nasaba hiyo haijaanguka, mwanazuoni Zhao Xigu, katika kitabu chake kuhusu vitu vya kale, aliieleza njia waliyoitumia wahadaifu kwa uwazi ambao wengine wamemlaumu kwamba amewafundisha wezi: chombo kipya hupakwa zebaki iliyochanganywa na unga wa bati, kisha hupigwa kwa brashi siki kali iliyotiwa unga laini wa chumvi ya amonia, kisha huangaliwa kwa uangalifu rangi inavyogeuka, na inapofikia rangi itakiwayo hutumbukizwa katika maji ili isimame hapo. Naye hakuishia katika kuifichua hila, bali alitoa na kipimo cha kuijua. Bronzi ya kale haina harufu, alisema, na ile iliyofukuliwa karibuni ina harufu ya udongo. Lakini ukisugua viganja vyako hata vikapata moto, kisha ukakipapasa chombo cha kughushi, harufu ya shaba itakupanda puani. Katika vipimo vyote nilivyopata kuvisoma sijaona kingine kilicho chepesi hivyo na chenye adabu hivyo, maana hakihitaji chombo wala dawa, na muuzaji hawezi kulalamika kwamba mali yake imekwaruzwa.

Miaka mia tatu na ushei baadaye, Gao Lian, katika kitabu chake cha adabu za maisha kilichotoka 1591, aliandika njia nyingine, na hii haimwigi tu mzee bali huliiga kaburi lenyewe. Huchimbwa shimo, likawashwa makaa ndani yake hata udongo ukawa mwekundu pande zote. Humiminwa siki kali shimoni, chombo kikawekwa humo na kufunikwa kwa machicha ya siki, kisha udongo ukashindiliwa juu yake. Na baada ya siku tatu kikitolewa huwa kimeota mabaka ya rangi mbalimbali za kale. Anayeijua kemia ataona kwamba hapana uchawi ndani yake: siki na joto na unyevu huifanyia shaba kwa siku tatu kile ambacho udongo wa kaburi huifanyia kwa karne, na hata machicha yana faida yake, kwa kuwa hayashiki sawasawa kila mahali, hivyo mabaka hutoka bila ya mpango, kama yatokavyo kwa kudura.

Italia ilifika katika jambo hili kwa njia yake yenyewe. Wanazuoni wa karne ya 15 walipoanza kuyafufua maarifa ya Warumi, na wakulima wakawa wanafukua sanamu za bronzi mashambani, kila mwenye chumba cha kusomea alitaka kuwa na kitu kidogo cha namna hiyo mezani pake, taa, kidau cha wino au sanamu ya kimo cha shubiri mbili. Na kwa kuwa vya kale havikuwatosha wote, mafundi wa Padua na Mantua walivifanya vipya. Andrea Riccio, aliyekufa 1532, alikuwa bwana wao katika Padua; na Mantua palikuwa na Pier Jacopo Alari Bonacolsi, aliyekufa 1528, ambaye aliwatumikia watawala wa nyumba ya Gonzaga kwa kazi zenye mwili mweusi na nywele za dhahabu, na umaarufu wake katika kuiga wahenga ulimpatia jina la Antico. Mwaka 1504 Pomponius Gauricus alichapisha risala juu ya uchongaji, na humo alieleza kwamba ukijani hupatikana kwa siki iliyotiwa chumvi, na weusi kwa lami ya majimaji au kwa moshi wa mabua yaliyolowa. Na Giorgio Vasari, katika kitabu chake cha maisha ya mafundi kilichotoka 1550, alitaja mambo hayo hayo kwa ufupi, kwamba wengine huitia shaba weusi kwa mafuta, wengine ukijani kwa siki, na wengine weusi kwa vanishi, kila mtu kwa apendavyo. Maneno hayo ya mwisho ni ya kuzingatiwa, kwani yanaonyesha kuwa kufikia wakati ule rangi ya kale ilikuwa imekwisha kutoka katika hila na kuingia katika mapambo: mnunuzi alijua kwamba fundi ni jirani yake, na bado akautaka ukale.

Wajapani nao huingia katika masimulizi haya ili kututahadharisha tusidhani kwamba kila anayeitia shaba giza anataka kuizeesha. Mafundi wao wa vyuma vya panga walikuwa wakiichemsha shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo katika maji ya dawa yenye chumvi za shaba, ikatoka na weusi wenye kuelekea zambarau, na mchanganyiko wa shaba na fedha ukatoka na rangi ya majivu; lakini kwao weusi huo ulikuwa rangi, kama ulivyo wino kwa mwandishi, wala hapana aliyedai kwamba kikingamkono cha upanga kipya kilikuwa cha babu. Serikali ya Meiji ilipopiga marufuku kuvaa panga hadharani mwaka 1876, mafundi wengi wa vyuma hivyo waligeukia vasi na mapambo ya kupeleka ng'ambo, na kwa njia hiyo ustadi wao ukaonekana katika maonyesho na maduka ya Ulaya, ambako wanunuzi waliupenda sana.

Sasa twaingia katika vyuma vya milango na samani hasa. Katika karne ya 18 mji wa Birmingham, Uingereza, ulikuwa karakana kuu ya vishikio vya droo, vibamba vya tundu la ufunguo, bawaba na vitasa vya shaba ya manjano, na wafanyabiashara wake walikuwa wakisafirisha vitabu vya michoro iliyochapwa kwa bamba, vyenye namba na bei, ili seremala wa Philadelphia au Boston aweze kuagiza bila ya kuvuka bahari. Na shaba ile ilitengenezwa ing'ae kupita kiasi. Ilikatuliwa, ikapashwa moto kidogo, ikapakwa vanishi ya lakiri ya Bara Hindi iliyoyeyushwa katika spiriti, na vanishi hiyo ilitiwa rangi ya manjano kwa bizari ile ile ya jikoni, au kwa zafarani, au kwa utomvu mwekundu wa namna ya ule utokao Sokotra, hata kishikio cha shaba kikadhaniwa kuwa kimechovywa katika dhahabu. Bwana wa nyumba aliyekinunua alitaka wageni wake waone mwanga wa mishumaa ukicheza juu yake. Kwa hiyo mtu wa leo ambaye anaagiza kishikio cheusi, akaamini kwamba ndivyo kilivyokuwa zamani za babu zake, haigi nyumba ya babu zake. Anaiga nyumba hiyo ilivyokuwa baada ya babu zake kufa na vanishi kumalizika.

Marekani ndiko kuiga huko kulikokuwa biashara kubwa, nako kunatuhusu sisi kuliko tudhanivyo. Kufikia miaka ya 1830 merikebu za Salem, katika Massachusetts, zilikuwa zikija Unguja kwa ajili ya pembe na sandarusi, nazo zikileta kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani, pamoja na nyaya za shaba, masango, ambazo misafara ilizibeba mpaka bara kuwa fedha ya njiani. Sandarusi ya Mrima ilisafishwa na kufanywa vanishi ya samani na magari ya farasi ya Wamarekani. Yaani mwanga uliokuwa juu ya mbao zao katika karne ya 19 sehemu yake ilichimbwa katika ardhi yetu. Lakini baada ya vita vyao vya ndani, viwanda vilipokuwa vimeijaza nchi bidhaa zilizofanana, taifa hilo lilianza kugeuka nyuma kuwatazama waasisi wake. Katika maonyesho ya Philadelphia ya 1876, ya kutimiza miaka mia moja ya uhuru, pamoja na mitambo mipya ya mvuke, palijengwa jiko la kale la New England, watu wakajazana kulitazama. Na tangu hapo nyumba, viti na vyuma vya milango vya sura ya zama za ukoloni vikawa vinatafutwa na kila mwenye uwezo.

Mmoja wa watu waliolihudumia soko hilo alikuwa Wallace Nutting, aliyezaliwa 1861, mchungaji wa kanisa aliyeacha mimbari akawa mpiga picha, kisha akawa mkusanyaji na mwiga samani. Huko Saugus, Massachusetts, alinunua nyumba ya karne ya 17, akamweka mhunzi afue bawaba, makomeo na vishikio vya chuma kwa vigezo vya kale. Naye alikuwa na msimamo uliomtofautisha na wengi, kwani aliitia kazi yake alama, na samani zake baadaye alizichoma jina lake kwa chuma cha moto katika mbao, ili asitokee mtu wa kuuza kiti chake kwa jina la karne ambayo hakikuzaliwa ndani yake. Wakati huo huo Gustav Stickley, karibu na Syracuse katika jimbo la New York, alikuwa na karakana yake mwenyewe ya vyuma, akifanya vishikio vya shaba iliyofuliwa kwa nyundo na kutiwa hudhurungi, si kwa kuwa alitaka kumdanganya mtu juu ya umri wake, bali kwa kuwa mng'ao wa bidhaa za viwandani ulimchukiza machoni.

Hata macho ya umma yalikuwa yamebadilika. Sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa bandarini New York mwaka 1886 ilikuwa ya mabamba ya shaba yenye unene wa milimita 2.4 hivi, na rangi yake ilikuwa hudhurungi. Ilipoanza kugeuka kijani wakubwa wa serikali walidhani kuwa ni uharibifu, na mwaka 1906 pakazungumzwa habari ya kuipaka rangi, lakini wananchi walipinga, sanamu ikaachwa. Raia wa Erythrae wangalishangaa sana kuwaona watu wakiitetea kutu ya sanamu ya uhuru wao, ilhali wao waliamuru ya kwao isafishwe. Na katika tofauti hiyo umo mgeuko wote wa fikira ambao tumekuwa tukiufuata.

Kiwanda kilikuja kuirahisisha kazi ambayo zamani ilikuwa ya mkono mmoja. Kishikio, ambacho mara nyingi ni cha zinki au chuma chembamba, hupakwa shaba kwa nguvu ya umeme. Huchovywa katika dawa ya kiberiti, ambayo huigeuza shaba kuwa nyeusi kwa dakika chache. Kisha hupelekwa kwenye gurudumu la kusugulia, ambalo huondoa weusi katika sehemu zilizoinuka na kuuacha katika mianya, ili kanuni ile ya mkono na mwanya itimie. Na mwisho hupakwa vanishi isiyo na rangi, ili dahari ya kweli isipate nafasi ya kuiingilia dahari ya bandia. Mafundi wadogo wasio na mitambo hutumia sanduku lililofungwa lenye bakuli la amonia, wakakitundika chombo juu yake hata mvuke ukakitia hudhurungi au ukijani, au hukipasha moto na kukipaka nta. Na wahunzi huacha chuma kishike kutu ya siki na chumvi, kisha hukichemsha na kukipaka mafuta ya kitani, kikawa cheusi. Katika Bara Hindi miji ya Moradabad na Aligarh, ya kwanza kwa vyombo vya shaba na ya pili kwa kufuli, hupeleka vyuma vya namna hii ng'ambo kwa wingi, na sehemu yake huingia pwani yetu katika bandari zile zile zilizopokea shaba ya Hindi tangu enzi za majahazi.

Pwani yetu, kwa asili, ni nchi ya shaba ing'aayo. Siwa ya shaba ya Lamu ilipigwa katika sherehe za waungwana; sinia, mabirika na madele ya kahawa yalikuwa fahari ya nyumba; na mlango wa nakshi wenye misumari mikubwa ya shaba, pamoja na riza na tumbuu zake, ulikuwa ni tangazo la cheo cha mwenye nyumba kwa kila apitaye. Sayyid Barghash alipoijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, aliweka humo milango ya nakshi ambayo mgeni aliiona kabla hajamwona mwenyeji. Katika hewa ya chumvi shaba haichukui siku nyingi kufifia, na kwa hiyo kuikatua kulikuwa kazi isiyokwisha, kwa ndimu, kwa ukwaju, kwa majivu na mchanga laini, na asidi ya matunda hayo ikauyeyusha utandu kabla haujakaza. Mlango uliofifia haukuwa mlango wenye hikima ya miaka. Ulikuwa mlango wa nyumba iliyofikwa na msiba, au isiyo na mtu.

Kwa sababu hiyo, mtu anapopita leo katika karakana za Unguja au Lamu, akawaona mafundi wakiyatia weusi makasha mapya na misumari mipya ya milango, ajue kwamba desturi anayoiona haikutokana na wazee wa pwani, imetokana na macho ya mnunuzi. Mji Mkongwe uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka uliofuata, mahoteli yakaongezeka, na mgeni anayelala usiku mbili katika nyumba ya kale hupenda kurudi kwao na kitu kinachosema kwamba ni cha kale. Fundi anayemtimizia haja hiyo si mhalifu. Anafanya alilolifanya Riccio kwa wanazuoni wa Padua. Bali neno la kutia shaka ni pale mwenyeji naye anapoanza kuamini kwamba weusi ule ndio urithi, akajenga nyumba yake mpya na kuagiza misumari iliyozeeshwa kabla haijagongwa, kwa kudhani kwamba anawaiga wahenga, ambao wangemwona kuwa ni mtu asiye na mtumishi wala ndimu.

Rai yangu katika jambo hili ni nyepesi. Kuzeesha shaba ni sanaa halali, yenye elimu ndani yake na uzuri wake, nayo hugeuka kuwa ghashi katika dakika moja tu, dakika ya kuuza, pale muuzaji anapoutaja umri ambao kitu hakina au anaponyamaza wakati mnunuzi anautaja. Dawa ya ghashi hiyo alikwisha kuionyesha Nutting: fundi na apige jina lake na mwaka wake nyuma ya bamba, mahali ambapo jicho halifiki lakini bisibisi hufika, kisha aifanye sura ya mbele kuwa ya kale kadiri ya ustadi wake. Na anayepewa kazi ya kuutengeneza mlango wa kale kweli, ambao misumari yake imepotea, aulize kwanza anarudisha nini: akitaka kuurudisha ulivyokuwa jana, atie misumari iliyofifishwa ilingane na wenzake, akitaka kuurudisha ulivyokuwa siku mwenyewe alipoufungua mara ya kwanza, basi aikatue yote, ya zamani na mpya, kwa kiasi, asije akaisugua nakshi ikafutika, na awaachie wenye nyumba kazi ya kuitunza kila mwezi. Njia zote mbili zina hoja, lakini ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na nia ya waliotangulia, kwani wao hawakuununua ukale. Waliununua mng'ao, wakauhifadhi kwa mikono yao, na ukale ukaja wenyewe bila ya kuitwa.